Mvita Vitabuni: Wapitao na Wakaao

Madhumuni ya makala haya ni kuutazama mji wa Mombasa kwa njia ya vitabu vilivyoandikwa juu yake, tangu karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 20, na kuuliza ni mji gani hasa unaopatikana ndani ya vitabu hivyo. Swali hili sikulizua mwenyewe. Liliulizwa darasani na mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kibokoni, baada ya majuma manne ya kusoma habari za Waarabu, Wareno na Waingereza katika tafsiri. Alisema: "Mwalimu, hawa wote wamefika kwetu, mbona hata mmoja hakupiga hodi?" Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Baadaye niliona kwamba swali lile lilistahili jawabu refu kuliko lile nililompa, na kwamba linaihusu taaluma yetu ya lugha zaidi ya linavyoonekana.

Si nia yangu kukitaja kila kitabu. Wanahistoria wamekwisha kuifanya kazi hiyo, nao ndio wenye ujuzi wake. Nitasimama pale ambapo kitabu kinanionyesha jambo, na kupita haraka pale ambapo hakinionyeshi.

Yafaa tuanze na mtu ambaye hakupiga hodi kwa sababu hakufika kabisa. Al-Idrisi alikamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 huko Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili. Humo ameutaja mji wa Manbasa katika nchi ya Zanj: mji mdogo ulioko pwani, ambao watu wake wachimba chuma na kuwinda chui, tena wana mbwa wekundu wanaoweza kuwashinda wanyama wakali. Wanafunzi huwapenda sana mbwa hawa, na kila mwaka hutokea mmoja anayetaka kujua walikwenda wapi. Ukweli ni kwamba al-Idrisi alikusanya aliyoyasikia kwa wasafiri na mabaharia. Mji wake ni mji wa masikio, si wa macho. Hata hivyo si wa kudharauliwa, kwani waonyesha kuwa jina la Mombasa lilikuwa limekwisha kusafiri hata Bahari ya Kati. Uchimbaji wa Hamo Sassoon katika miaka ya 1970, upande wa kaskazini wa kisiwa karibu na hospitali kuu, ulifichua mabaki ya makazi ya zamani sana, hivi kwamba hatuna haja ya kulitilia shaka jina hilo.

Mtu wa kwanza kufika na kuacha habari alikaa usiku mmoja. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akitoka Mogadishu kwenda Kilwa. Habari zake hakuziandika pale pale: alizisimulia akiwa amerudi kwao Moroko, zikaandikwa na Ibn Juzayy na kumalizika mwaka 1355, yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya usiku ule. Anatueleza kwamba kisiwa kina ndizi na ndimu. Kwamba wenyeji hawalimi nafaka bali huletewa kutoka bara. Kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Kwamba ni watu wa dini, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi mwingi. Kisha anafika kwenye jambo ambalo kwa rai yangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Kwenye milango ya misikiti, asema, pana kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, na maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Watu hutembea miguu mitupu, na kila aingiaye msikitini huiosha miguu yake kwanza.

Mfasiri wa Kiingereza au wa Kifaransa hana budi kutumia maneno mengi kukieleza chombo hicho, kama alivyofanya Ibn Battuta mwenyewe, kwa sababu hana neno lake. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo: hiyo ni kata. Iwe ya mti kama alivyoona msafiri yule au ya kifuu kama tulivyoizoea sisi, kazi ni ile ile na jina ni lile lile. Hapa pana fundisho dogo la mbinu ambalo nitalirudia katika makala haya. Mgeni hueleza kwa sababu haijui kitu. Mwenyeji hutaja jina akapita. Kwa hiyo aghalabu vitabu vya wageni ndivyo vyenye maelezo marefu ya mambo madogo ya mji, na vitabu vya wenyeji ndivyo vyenye majina. Asiyesoma vyote viwili atabaki na maelezo yasiyo na majina, au na majina yasiyo na maelezo.

Karibu miaka mia mbili baadaye walikuja wageni wa aina nyingine. Mwezi wa Agosti mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, akauteka na kuupora. Habari za siku hizo tunazipata katika taarifa inayonasibishwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika merikebu moja ya msafara huo. Mayr anauona mji kwa jicho la askari. Anataja nyumba za mawe na nyumba za makuti, moto uliowashwa, mawe yaliyokuwa yakirushwa kutoka juu ya mapaa, na njia zilizokuwa nyembamba mno hata watu wawili wasiweze kutembea sambamba. Tena, asema, mbele ya nyumba pana viti vya mawe vinavyozidi kuzibana njia hizo.

Viti vile ni baraza. Sina ushahidi mwingine wa maandishi juu ya baraza za Mombasa ulio wazi kama huu kwa wakati ule, na ni jambo la kustaajabisha kwamba tumeupata kwa mtu aliyezitazama kama kizuizi. Kwake yeye baraza ni mahali adui anapoweza kumchelewesha. Hakuna awezaye kumlaumu kwa kutojua kwamba pale ndipo watu walipokaa jioni, wakapokea wageni wasiostahili kuingia ndani, wakaamua mambo ya mtaa, na pengine wakatungiana mashairi. Alikuwa na haraka.

Taarifa hiyohiyo imehifadhi pia barua ambayo mfalme wa Mombasa alimpelekea mfalme wa Malindi baada ya maafa, akimweleza ukali wa waliompitia na uvundo wa maiti uliomzuia kurudi mjini. Tukumbuke kwamba Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na Malindi ndio waliowapokea Wareno. Mfalme aliyeteketezewa mji anamwandikia mshindani wake ili kumwonya, si kumlaani. Basi hii ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa tunapomsikia mtu wa Mombasa akisema kitabuni, naye anasema kwa Kireno, kwa kalamu ya jeshi lililomchomea mji wake. Duarte Barbosa, aliyeandika miaka michache baadaye, ametuachia picha ya mji mzuri wa nyumba ndefu za mawe na chokaa, wanawake waliovaa hariri na dhahabu, kondoo, machungwa na makomamanga. Picha hiyo hunukuliwa mara nyingi katika vitabu vya watalii. Mimi naiona barua kuwa nzito zaidi.

Tangu mwaka 1593, Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, vitabu navyo vilihamia ngomeni. Justus Strandes aliandika historia ya Wareno katika pwani yetu kwa Kijerumani mwaka 1899, nayo ikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1961. Boxer na Azevedo walitoa kitabu chao juu ya ngome na Wareno wa Mombasa mwaka 1960. James Kirkman, aliyeichimba ngome yenyewe, alitoa chake mwaka 1974. Ni kazi za maana, wala siwezi kufundisha bila hizo. Ila ukizisoma mfululizo utajua idadi ya mizinga na majina ya makapteni, utajua jinsi kuzingirwa kwa ngome kulivyoanza Machi 1696 na kuisha Desemba 1698, lakini utamaliza bila kujua jina la mtaa hata mmoja ulioko hatua mia mbili kutoka langoni.

Mfano ulio bora ni ule wa mwaka 1631. Yusuf bin Hasan alichukuliwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme, na tarehe 16 Agosti mwaka huo akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuiteka ngome. Freeman-Grenville alichapisha mwaka 1980 ushahidi uliotolewa kwa kiapo huko Goa juu ya tukio hilo. Nilikisoma kitabu hicho nilipokuwa masomoni London, na nilikisoma kwa tamaa, kwa kuwa humo wanasema watu waliokuwapo. Lakini mashahidi hujibu wanaloulizwa. Kanisa lilitaka kujua kama waliouawa wangestahili kuitwa mashahidi wa dini, kwa hiyo maswali yote yalihusu namna walivyokufa. Hakuna aliyeuliza watu wa mjini walimwitaje mfalme yule barabarani: kwa jina la Goa au kwa jina la baba yake. Maandishi ya mwaka 1635 yaliyoko juu ya lango la ngome yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuja baada ya hayo, kwa kuitiisha pwani. Kila mtalii husimama chini yake akapigwa picha.

Je, wenyeji wenyewe hawakuandika? Waliandika. Nahodha William Owen alipofika Mombasa mwaka 1824, wakati Mazrui walipoomba himaya ya Waingereza ili kujikinga na Seyyid Said, alipata habari za historia ya mji, naye akazichapisha kwa Kiingereza katika kitabu cha safari zake mwaka 1833. Mfaransa Charles Guillain naye akatoa habari za namna hiyo kwa Kifaransa katika kitabu chake kikubwa kilichoanza kutoka mwaka 1856. Baadaye sana Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu na kufariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake wa Mazrui. Kazi hiyo ilitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Katika habari hizi ndipo tunapokutana na Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo jina la mji, na masimulizi ya mitaani yanaongeza Mwana Mkisi wa Kongowea, mwanamke aliyetawala kabla yake. Vitabu vya waongoza wageni hupenda kusema kwamba Mvita ni kisiwa cha vita, na sina shaka kwamba maneno hayo mawili yamechezewa kwa karne nyingi. Lakini kusahau kwamba Mvita alikuwa mtu ni kuukata mji kutoka kwa nasaba yake.

Humo pia ndimo yanamojengeka makundi ambayo mgeni hakuyaona. Wareno waliandika "Wamoro", Waingereza wakaandika "Waarabu" na "Waswahili". Wenyeji walijihesabu kwa Thenashara Taifa: Tisa Taifa, yaani Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Washaka, Wafaza, Wagunya na Wakatwa, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. F. J. Berg alilieleza jambo hili vyema katika makala yake ya mwaka 1968. Kisiwa kimoja kilikuwa na miji miwili, ule wa Mvita upande wa mashariki na ule wa Kilindini upande wa magharibi, na siasa ya karne mbili haieleweki bila ya mgawanyiko huo. Leo Kilindini ni jina la bandari.

Nakuja sasa kwenye kitabu ambacho hakuna aliyekiweka katika rafu ya historia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao upande wa bara unaokikabili kisiwa. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Rebmann. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Watu huisema kwa tahajia yake ngumu na kwa mahubiri yake, na wana haki. Lakini Krapf hakuwa mgeni wa usiku mmoja. Alikaa, akauliza, akaandika neno na mfano wake, akasahihishwa, akaandika tena. Msingi wake ni Kimvita. Ukiisoma kamusi hiyo ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyofanya majira mazima ya baridi kwa kuwa sikuwa na nauli ya kurudi nyumbani, unapita katika mji: vyombo vya jikoni, aina za samaki na majahazi, pepo za bahari, mavazi, ada za arusi na za mazishi, maneno ya kutukanana na ya kubembelezana. Ni mji uliopangwa kwa alfabeti. Simwamini Krapf anapowahukumu watu. Namwamini sana anapowasikiliza.

Kilichofuata chajulikana. Kasisi Edward Steere alikuwa ametoa kitabu chake cha Kiunguja mwaka 1870, na mwaka 1928 mkutano uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nala mkate wa Kiswahili Sanifu, na makala haya nayaandika kwacho. Nasema tu kwamba tangu siku ile mtoto wa shule, hata akiwa wa Kibokoni, anakifikia kitabu kikubwa kuliko vyote vya mji wake kama mgeni.

Kitabu hicho ni diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Muyaka aliishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, wakati wa utawala wa Mazrui na hadi kuanguka kwao mwaka 1837. Hakuandika kitabu. Alitunga mashairi, watu wakayahifadhi vifuani. Karibu nusu karne baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kumfasiria mmisionari William Taylor, pamoja na maelezo ya nani aliyesemwa, kwa sababu gani, na nini kilikuwa kimetokea. Karatasi hizo zilikwenda London. William Hichens akayatoa mashairi Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa kitabu chake, chenye mashairi, tafsiri na uchunguzi. Mombasa, London, Johannesburg, Nairobi: mashairi yalisafiri hivyo ndipo yakarudi karibu na kwao.

Nilizifungua karatasi za Taylor kwa mara ya kwanza siku moja ya mvua, nikiwa mwanafunzi, nikitarajia kuuona mji. Sikuuona. Muyaka haelezi njia wala nyumba wala visima. Anasema na watu. Anawajibu Walamu, anamkabili Sultani wa Unguja, anawakemea wanafiki wa mjini, anabembeleza, analalamika, anacheka. Ilinichukua muda kutambua kwamba kukosekana kwa maelezo ndiyo dalili ya kuwa nimefika. Wasikilizaji wake walikuwa wameketi kwenye zile baraza alizozilalamikia Mayr. Angewaelezea baraza za nini? Mji haumo katika shairi kwa sababu shairi limo katika mji. Bila maelezo ya Sikujua mengi yangebaki fumbo, na ndiyo maana namhesabu Mwalimu huyu kuwa mwanahistoria, ingawa katika vitabu vingi ametajwa kwa mstari mmoja kama msaidizi wa Taylor.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mchapishaji mmoja aliniomba nitayarishe mashairi ya zamani ya Kimvita kwa ajili ya shule za sekondari, nikitia maneno yote katika Kiswahili Sanifu ili wanafunzi wasisumbuke. Nilikubali. Nilijiambia kwamba ni afadhali wasome kitu kuliko wasisome kabisa. Mizani ilistahimili; vina havikustahimili. Mvita husema mato, si macho, na nti, si nchi. Mtunzi aliyepanga kina cha -to, mato pamoja na moto na mto, ukimgeuzia mato kuwa macho umemvunjia ubeti. Na mtunzi aliyetia nti pamoja na mti na kiti, ukimpa nchi umemwachia jino lililong'oka. Niliona jambo hilo katika ubeti wa tatu, nikaendelea mpaka wa kumi na tano, kisha nikaiacha kazi na kurudisha malipo ya mwanzo, ambayo kwa bahati mbaya nilikuwa nimekwisha kuyatumia.

Yapo na makosa ya upande wa pili, ya kuyaacha maneno kama yalivyo bila ya kufundisha. Mwanafunzi asiye wa Mombasa akikuta ndoo anafikiri ni ndoo ya maji, ilhali mtunzi anamwita mtu aje, njoo. Akikuta nta anafikiri nyuki, kumbe ni ncha ya kisu. Nimesahihisha insha nzuri kabisa, zilizojengwa kwa hoja juu ya ndoo ambayo haikuwamo. Dawa si kulibadili shairi. Dawa ni kumfundisha msomaji lahaja, saa chache tu, kabla ya kumtia mjini. Katika vyuo vingi lahaja hufundishwa kama orodha ya tofauti za sauti, fasihi ikafundishwa chumba cha pili, na historia jengo la pili. Hasara yake ni hii ninayoieleza.

Baada ya Muyaka vipo vitabu ambavyo wenyeji waliandika wakijua kwamba wageni watasoma. Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, alitoa mwaka 1950 habari za Al-Akida, yaani Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, amiri wa ngome aliyemwasi Sultani Barghash, hata merikebu mbili za Kiingereza zikaipiga ngome mizinga Januari 1875. Hinawy aliandika kwa Kiingereza, lakini alitia ndani mashairi ya Kiswahili ya siku zile, pamoja na utenzi wa Abdalla bin Masud al-Mazrui. Mizinga ile ile ambayo katika taarifa za manowari ni kazi ya saa chache, katika tungo za wenyeji ni mwisho wa fitina iliyochukua miaka, yenye majina na lawama. Barabara kuu ya Mji wa Kale iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Vasco da Gama sasa inaitwa kwa jina la Hinawy. Si kawaida mwandishi kumwondoa baharia namna hiyo. Hyder Kindy naye, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya maisha na siasa za Mombasa, ameeleza jinsi Thenashara Taifa walivyogombania mbele ya serikali ya kikoloni hadhi yao na jina lao. Kina hasira mahali mahali, nami nakipenda kwa hasira hiyo.

Lakini katika vitabu vyote nilivyovitaja, kuanzia al-Idrisi hadi Kindy, hakuna kilichovuka daka kwa hakika. Vyote viliishia barazani. Margaret Strobel alifanya utafiti wake Mombasa katika miaka ya 1970, kikatoka mwaka 1979 kitabu juu ya wanawake Waislamu wa mji huo, na ndani yake vyama vya lelemama na mashindano yao. Mwaka 1989 yeye na Sarah Mirza walitoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu kwa Kiingereza, na mwaka 1991 masimulizi hayo yakatolewa kwa Kiswahili. Nakiweka kitabu hiki cha mwisho karibu na Muyaka bila ya kusita. Mle kuna ndani ya nyumba: ukungwi, arusi, ndugu wa damu na wa ziwa, watumwa na mabwana waliokaa ua mmoja na kukumbuka mambo kwa namna mbili tofauti. Ni maneno ya wasemaji wenyewe, si picha iliyochorwa na mpita njia. Mwanafunzi wangu aliposoma alisema kwamba hapa, angalau, mtu alikaribishwa.

Mwishoni mwa muhula ule tuliteremka Mombasa, wanafunzi kumi na mmoja na mimi, tukiwa na nakala za kurasa chache: Ibn Battuta, Mayr, na beti za Muyaka ambazo tulikwisha kuzihifadhi. Tulipita Ndia Kuu, ambayo mpaka leo inakataa kuitwa Njia Kuu. Katika kichochoro kimoja wanafunzi wawili walijaribu kutembea sambamba, wakashindwa, wakafurahi kama waliogundua sheria ya maumbile. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani alitutazama, tukamtolea salamu, akaitikia, akauliza tunasoma nini. Tulimsomea habari za visima vilivyo kwenye milango ya misikiti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza huyo bwana alilala nyumba ya nani.

Tukamjibu kwamba kitabu hakisemi.

"Usiku mmoja," akasema. Akatafuta viatu vyake kwa miguu, akainuka, akamwambia yule mwanafunzi wa Kibokoni, ambaye alikwisha kumtambua kwa nasaba ya mamake, ashike mbele, atupeleke kwanza kwenye kisima kilicho karibu na Msikiti wa Mandhry, na yeye atafuata polepole.